Shaba Ilipita, Maji Yakabaki

Mtu asimamaye katika stesheni ya reli ya Kampala na kuelekeza macho yake magharibi, upande ambao njia ya Kasese imemezwa na majani na vibanda vya wachuuzi, hawezi kuamini kwa wepesi kwamba kwa muda wa miaka 20 hivi ilipita hapo, behewa baada ya behewa, shaba iliyochimbwa chini ya milima ya Rwenzori. Reli itokayo Mombasa iliwasili Kampala mwaka 1931, ikapumzika robo karne, kisha ikanyoshwa tena kwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kasese, ambako ilifika mwaka 1956. Na aliyeilipia safari hiyo ndefu katika hesabu za wakuu hakuwa abiria, wala mkulima wa pamba, ila shaba. Shaba ilipita Kampala ikienda Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, ikatoka Jinja kushuka Kilindini, na kutoka Kilindini ikavuka bahari. Mji wetu ulipata fungu lake katika tijara hiyo: kodi ilijaza hazina, makarani walipata kazi, na wenye madaraka walipata la kujivunia mbele ya wageni. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikupakiwa behewani. Kilirundikwa Kasese, kikanyeshewa mvua, kikageuka sumu, na sumu ikashika njia ya maji. Nakusudia kueleza habari ya kitu hicho, kwa kuwa ndani yake mna jibu, japo si jibu la kufurahisha, la swali ambalo kila nchi yenye migodi hulazimika kujiuliza: maji yaliyoharibiwa na mgodi huponywa na nani, na kwa ajili ya nini?

Mto Nyamwamba huzaliwa katika baridi ya vilele vya Rwenzori, hushuka kwa kishindo kati ya majabali, hupita katika bonde jembamba la Kilembe, hutokea kwenye tambarare ya Kasese, na mwisho wake huwa katika mabwawa ya mafunjo yaliyo kaskazini mwa ziwa George. Wabakonzo walilima miteremko yake na kuamini kwamba mlima wenyewe una mwenyewe, Kitasamba, ambaye haifai kumwendea pasi na adabu. Wabasongora walichunga ng'ombe wao wenye pembe ndefu katika nyika iliyo chini. Habari za shaba zilisikika tangu mwanzo wa karne ya 20, na katika miaka ya 1920 watafutaji wa madini walikwisha kulipekua bonde, lakini umbali wa bahari ulikuwa mkubwa na bei ya shaba ilikuwa ndogo, hivyo mlima ukaachwa na siri yake. Baada ya vita vya pili vya dunia mambo yaligeuka. Mwaka 1950 iliundwa kampuni ya Kilembe Mines, mtaji wake mkubwa ukitoka kwa Frobisher ya Kanada. Mwaka 1952 serikali ikaanzisha Shirika la Maendeleo la Uganda, ambalo nalo liliingia katika shughuli hiyo. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa. Na mwaka 1956 reli, mgodi na tanuri vilikuwa tayari kushikana mikono. Kwa kipimo cha zama zile hii ilikuwa kazi ya ajabu, na katika miaka ya 1960 shaba ilisimama ya tatu, nyuma ya kahawa na pamba, katika bidhaa ambazo Uganda iliziuza ng'ambo.

Ili mtu afahamu yaliyofuata, hana budi kulitazama jiwe lenyewe. Jiwe la Kilembe halikuwa shaba tupu: katika kila tani 100 za mawe yaliyotolewa chini ya ardhi, shaba haikufika tani 2. Palikuwamo pia piraiti, jiwe la chuma na salfa ling'aalo kama dhahabu, ambalo limewadanganya watu wengi tangu zamani. Na ndani ya piraiti hiyo mlijificha kobalti, kidogo kidogo, kama chumvi ndani ya chakula. Kinu cha Kilembe kilisaga mawe yakawa unga na kuutenga mafungu matatu. Fungu la kwanza, makinikia ya shaba, lilipanda treni. Fungu la pili, mchanga uliokwisha kukamuliwa, ule ambao wachimbaji wadogo wa Tanzania huuita marudio, ulimwagwa katika bonde, kandokando ya Nyamwamba, hata ukawa vilima. Na kwa kuwa mawe yaliyosagwa katika uhai wote wa mgodi yalipata tani milioni 16 hivi, msomaji anaweza kukadiria mwenyewe ukubwa wa vilima hivyo. Fungu la tatu lilikuwa makinikia ya piraiti yenye kobalti. Hilo lilikuwa fungu la mashaka: lilikuwa na thamani, kwa hiyo halikustahili kutupwa, lakini maarifa ya siku zile hayakuweza kuitoa kobalti ndani yake kwa faida, kwa hiyo halikustahili kusafirishwa. Likapelekwa Kasese na kurundikwa uwanjani, wazi, kungojea siku yake. Kufikia siku ya mwisho ya mgodi, lundo hilo lilikuwa na uzito wa tani milioni 1.1.

Piraiti ikikaa ndani ya mwamba, mbali na hewa, haina dhara kwa mtu wala mnyama. Ikisagwa ikawa unga na kuwekwa juani na mvuani, huamka. Salfa yake, ambayo wazee wa pwani waliiita kiberiti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto, huungana na hewa na maji ikawa asidi kali. Chuma chake huyeyuka na kuyapaka maji rangi ya kutu. Na asidi ile, ikiisha kupata nguvu, huiyeyusha shaba, kobalti na metali nyinginezo zilizosalia katika unga, ikaenda nazo. Aidha, kazi hii haifanywi na hewa na maji peke yake. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Colmer na Hinkle, waliokuwa wakichunguza maji machungu yatokayo katika migodi ya makaa ya mawe, waligundua kwamba ndani ya maji yale, ambamo hakuna aliyetazamia kiumbe kuishi, mlikuwa na bakteria wenye kula chuma na salfa kama sisi tulavyo ugali, na kwamba bakteria hao huiharakisha kazi ya asidi mara nyingi kupita kiasi chake. Huko Hispania uko mto uitwao Rio Tinto, maana yake mto uliotiwa rangi, ambao umekuwa mwekundu kwa namna hiyohiyo kwa karne nyingi. Ugunduzi wa 1947 ulitangulia treni ya kwanza ya Kasese kwa miaka 9. Haiwezekani kusema kwamba elimu haikuwapo duniani. Ila elimu huwa mbali kuliko shaba, na hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mtu kuitafuta.

Basi mvua ilinyesha juu ya lundo la Kasese, na vijito vikachukua kilichotoka humo. Chini ya mji, kuelekea ziwani, ilikuwapo hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1952 na kupewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake ya 1954. Maji ya asidi yaliingia katika hifadhi, yakatambaa juu ya nyika, na kila yalipotuama majani yalikufa; ukatokea ukanda mrefu wa ardhi tupu, wenye ganda la manjano na wekundu, kati ya nyasi ambazo nyati na kobi walikuwa wakizila. Mwaka 1974 mwanasayansi wa Uganda, Eric Edroma, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa hifadhi zote za taifa, alichapisha uchunguzi wake juu ya uchafuzi wa shaba katika hifadhi hiyo, akieleza jinsi udongo ulivyokunywa metali na mimea ikakauka. Katika anwani ya makala yake hifadhi haiitwi Malkia Elizabeth. Inaitwa Rwenzori, kwa kuwa serikali ya Idi Amin ilikwisha kubadili majina, na hata ziwa Edward lililo jirani lilipewa jina la rais mwenyewe. Majina yalibadilika juu ya ramani. Chini yake kijito kilikuwa kilekile, na ganda lake la manjano lilikuwa lilelile.

Ziwa lililongojea maji hayo si kubwa. Ziwa George lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake kwa wastani hakipiti mita mbili na nusu, yaani mvuvi akitumbukiza upondo wake huigusa tope. Maji yake ni ya kijani kwa wingi wa mwani, na kwa ajili hiyo ngege walinenepa humo, wakawalisha wavuvi wa Kasenyi, Hamukungu, Kahendero na Katunguru, kisha wakasafiri wakiwa wamekaushwa hadi masoko ya mbali. Kati ya 1966 na 1972 wataalamu wa mpango wa kimataifa wa utafiti wa viumbe walilichunguza kwa bidii hata likawa miongoni mwa maziwa yajulikanayo zaidi katika nchi za joto. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba tope za ziwa zimehifadhi shaba na kobalti zilizoletwa na maji, na kwamba mabwawa ya mafunjo yaliyo mlangoni mwake yamekuwa kama chujio, yakinasa sehemu ya metali kabla hazijafika kwa samaki. Mafunjo hayakuajiriwa na kampuni yoyote, wala jina lao halimo katika orodha ya mishahara ya Kilembe. Na bado walikuwa watumishi wa kwanza, na kwa miaka mingi watumishi wa pekee, katika kazi ya kuyaponya maji.

Katika miaka ya 1970 mgodi ulianza kuugua. Wageni wenye mtaji waliondoka, vipuri viliadimika, fedha za kigeni zilitoweka, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umekwisha kabisa. Watu wengi hudhani kwamba mgodi ukifungwa na madhara yake hufungwa. Haya ni makosa makubwa kupita yote katika mlango huu wa elimu. Mgodi unaofanya kazi una pampu, una mafundi, una meneja wa kulalamikiwa. Mgodi uliokufa hauna hata mlinzi, ilhali mvua haisomi tangazo la kufungwa. Kwa miaka karibu 20, kupitia vita na mapinduzi, kupitia serikali zilizokuja na kuondoka Kampala, lundo la Kasese liliendelea kutoa asidi yake kila masika na kila vuli, kwa uaminifu ambao laiti watumishi wa umma wangaliuiga. Mwaka 1988 Uganda iliyaandikisha mabwawa ya ziwa George katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, ya kwanza nchini kupata hadhi hiyo. Na huku karatasi zikitiwa saini, kijito kilikuwa kikishuka kuelekea mabwawa hayohayo.

Uponyaji ulipokuja, haukuja kwa mlango wa huruma. Ulikuja kwa mlango wa bei. Katika lundo lile la tani milioni 1.1, kobalti ilikuwa kiasi cha asilimia 1.38, yaani tani kama 15,000, na kobalti katika miaka ya 1990 ilikuwa imepanda thamani. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa. Njia hiyo ilitoka kwa watu wa BRGM, taasisi ya Ufaransa ya elimu ya ardhi na madini iliyopo Orléans, ambao walijiuliza swali ambalo wenye hekima ya Kiswahili walikwisha kulijibu kwa maneno matano: dawa ya moto ni moto. Ikiwa bakteria ndio wanaoivunja piraiti uwanjani na kuimwaga sumu yake kijitoni, kwa nini wasitiwe ndani ya mapipa, wakalishwa piraiti hiyohiyo kwa kipimo, na sumu ikakingwa badala ya kuachwa iende zake? Wakawazoeza bakteria kwa miaka, wakajifunza hewa wanayoitaka na joto wanalolipenda, ambalo hupita nyuzi 40. Kampuni ya Kasese Cobalt iliundwa, kiwanda kikajengwa, na mwaka 1999 kikaanza kazi, kikiwa miongoni mwa viwanda vya mwanzo duniani kuwaajiri bakteria kwa kobalti.

Inafaa kueleza kwa utulivu jinsi kilivyofanya kazi, maana ndani ya utaratibu wake imo picha nzima ya ugonjwa na tiba. Lundo lilimeguliwa, likachanganywa na maji na kuingizwa katika matangi makubwa yenye kukorogwa na kupulizwa hewa mchana na usiku. Humo bakteria walikula salfa na chuma. Kile ambacho kingechukua miaka mingi ya mvua kilitimia kwa siku chache. Asidi iliyozaliwa ikapoozwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambayo wilaya ya Kasese imejaliwa nayo kwa wingi, hata kiwanda cha saruji cha Hima kimesimama papo hapo kwa sababu yake. Chuma kikatuama kikawa tope, salfa ikaungana na chokaa ikawa jasi, kobalti ikabaki ndani ya maji safi ya waridi na kuvutwa kwa umeme, umeme uliotoka mto Mubuku ambao nao ni mtoto wa Rwenzori. Mabaki yaliyokwisha kutulizwa yakawekwa katika mabwawa yaliyojengwa kwa kusudi hilo. Kwa hiyo kila tani iliyoingia kiwandani ilikuwa tani moja isiyonyeshewa tena uwanjani. Hakuna sala wala azimio la baraza lililopata kukipunguzia kijito mzigo wake namna hiyo.

Hata hivyo insha ya kweli haiishii kwenye sifa. Tiba iliyokuja kwa mlango wa bei ilitii amri ya bei. Kobalti ilipoanguka katika soko la dunia, kiwanda kilisimamishwa mwaka 2002, na hakikurudi kazini ila mwaka 2004 bei ilipopanda. Na katika muda huo mvua haikusimamishwa. Mwaka 2013 lundo lilikwisha, na kiwanda, baada ya kula chakula chake chote, kikafunga mlango. Chanzo kikubwa cha asidi kilikuwa kimeondoka, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini udongo uliokunywa shaba kwa miaka 40 haukupona siku kiwanda kilipozima matangi yake, na tope za ziwa hazikuwa na mnunuzi. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Nyasi hurudi kutoka kingoni, hatua kwa hatua, na ile sehemu ya katikati ndiyo hukawia kuliko zote.

Mwaka huohuo wa 2013 mlima wenyewe ulitoa hukumu juu ya fungu lile lingine, mchanga wa Kilembe ambao hakuna aliyepata kuuwekea bei. Mapema mwezi Mei, mwaka mmoja na ushei baada ya moto kuteketeza sehemu ya uoto wa juu wa bonde, mvua kubwa ilinyesha, Nyamwamba ukafurika, ukabiringisha majabali kama kokoto, ukavunja nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Ukarudi tena mwaka uliofuata. Mwezi Mei 2020 ukaja kwa ghadhabu zaidi, hata hospitali ikahamwa. Kila mara uling'ata kingo za vilima vya marudio na kuuchukua mchanga wenye shaba, kobalti na nikeli hadi kwenye mashamba na visima vya watu walio chini. Mwaka ule ule wa 2013 mgodi ulikuwa umekodishwa kwa kampuni kutoka China, ili uchimbwe upya. Mkataba ukavunjwa baada ya miaka minne, na vilima vikabaki vilipokuwa. Watafiti wa Makerere waliopima maji ya bonde wamekuta metali zilizozidi kipimo kinachofaa kwa kunywa katika baadhi ya vyanzo ambavyo wananchi huvitegemea.

Tazama basi tofauti ya mafungu mawili yaliyotoka katika kinu kimoja. Lile lililokuwa na thamani liliponywa, kwa kuwa kuliponya kulikuwa ni kulichuma. Lile lisilo na thamani limeachwa kwa mto, na mto hauna njia ya kutibu ila kugawa: huuchukua ugonjwa wa mmoja na kuwapa wengi. Wala hapa pasidhaniwe kwamba bakteria walishindwa, au chokaa ilikosekana, au elimu ilipungua. Kilichopungua ni dhima. Mamlaka ya mazingira ya nchi, NEMA, iliundwa mwaka 1995, na katiba ya mwaka huohuo ikampa kila Mganda haki ya mazingira safi yasiyodhuru afya. Lakini kufikia hapo mchanga ulikuwa umekwisha kumwagwa, faida ilikwisha kugawanywa, na wenye hisa wa 1956 walikuwa mbali au makaburini. Sheria huweza kumdai aliyepo. Aliyekwisha kuondoka na mfuko wake, hudaiwa na maji peke yake, na maji hayana wakili.

Sisi wa Kampala hatuna haki ya kuitazama Kasese kwa macho ya mgeni. Tunao Nakivubo wetu, uliokuwa kijito chenye mafunjo na sasa ni mfereji wa saruji uchukuao taka za mji hadi ghuba ya ziwa Victoria, ambako mji huohuo huchota maji ya kunywa. Ugonjwa si mmoja, lakini hesabu ni ileile, kwamba faida hukaa juu na uchafu hutumwa chini. Mara kwa mara hutangazwa kwamba Kilembe itafufuliwa, maana dunia ya leo ina njaa ya shaba na kobalti kwa ajili ya nyaya na betri, na yamkini njaa hiyo ikayapatia marudio ya bonde lile bei ambayo hayakuwa nayo. Ikiwa hivyo, na iwe. Mto hautauliza nia ya mganga wake. Lakini siku ambayo njia ya magharibi itafyekwa majani na behewa la kwanza likaingia tena katika stesheni ya Kampala, karani atakayelipima asitosheke na kuandika limebeba tani ngapi. Aongeze safu ya pili katika daftari lake, ile ambayo haikuwamo mwaka 1956, na aandike humo kilichoachwa Kasese, kwa uzito wake, na jina la atakayekilipia.